Shajara ya mradi: kuomba uzamivu wa saikolojia ya vipimo nikiwa Langoni, Lamu

2 Juni 2024

Nimeamua. Mwaka huu naomba nafasi ya uzamivu katika saikolojia ya vipimo, ile inayohusika na namna ya kupima mambo yasiyoonekana kwa macho: huzuni, wasiwasi, akili, tabia. Shahada yangu ya kwanza ni ya takwimu. Nilifundisha hesabu miaka miwili katika shule ya upili kama mwalimu wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, kisha nikapata mkataba wa kukusanya data za afya katika vijiji vya Lamu. Kazi hii ya pili ndiyo iliyonileta hapa.

Ilikuwa Ramadhani iliyopita, Matondoni, baada ya alasiri. Nilikuwa na tableti yenye hojaji ya PHQ-9: maswali tisa ya kupima sonona (ugonjwa wa huzuni), kila moja linajibiwa kwa alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na yote yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Nilipofika swali la tatu, la usingizi, mama niliyekuwa nikimhoji aliacha kusuka jamvi lake akanitazama. "Mwanangu, huu ni mwezi wa Ramadhani. Nani alalaye?" Tarawehe, kupika, daku, alfajiri. Nikabonyeza 3. Hamu ya chakula, 3. Uchovu, 2. Muda wote huo alikuwa akicheka na wajukuu zake. Jumla ikatoka 10, na 10 ndipo watafiti wengi wanapoweka mstari wa kusema huyu aangaliwe zaidi. (Tarakimu nimezibadilisha kidogo, maana majibu ya mtu ni amana, lakini umbo la jambo lilikuwa hilo.)

Nilirudi Amu, mji wa Lamu, na boti ya jioni nikiwaza. Kumi ya mama yule na kumi ya mtu wa Nairobi mwezi wa Agosti, je, ni kumi moja? Nikitafuta jibu nikagundua kwamba kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao.

16 Juni

Wiki mbili za kusoma kuhusu uwanja wenyewe. Una umri mkubwa kuliko nilivyodhani. Mwaka 1904 Charles Spearman alitazama jinsi alama za wanafunzi katika masomo mbalimbali zinavyopanda na kushuka pamoja, akasema nyuma yake kuna kitu kimoja ambacho hakionekani. Huo ndio mwanzo wa uchanganuzi wa fakta. Baadaye akaja L. L. Thurstone, aliyesomea uhandisi na kufanya kazi kwa muda mfupi katika maabara ya Thomas Edison kabla ya kuhamia saikolojia. Psychometric Society, chama cha watafiti wa vipimo, ilianzishwa 1935 naye akiwa rais wake wa kwanza, na jarida la Psychometrika likaanza kutoka 1936. Mwaka 1952 alihamia Chapel Hill, North Carolina, na maabara ya pale ingali na jina lake.

Habari hii ya Thurstone imenipa moyo sana. Mtu aliyeanza na mitambo akaishia kupima mitazamo ya watu. Nami nimeanza na takwimu.

Orodha ya kwanza ya programu, kama nilivyoiandika kwenye daftari: Chapel Hill, Virginia, Ohio State, Notre Dame, Vanderbilt, Arizona State, Illinois, UCLA, Davis. Canada kuna McGill na York. Ulaya mambo ni tofauti: Uholanzi uzamivu ni kazi ya mshahara inayotangazwa kama kazi nyingine yoyote, na kwa kawaida wanataka uwe na uzamili kwanza. Sina uzamili, kwa hiyo Amsterdam naiweka kando kwa sasa. Marekani wanapokea wengi moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza.

Jambo moja nililochelewa kuliona: jina la programu linadanganya. Kazi ileile ya vipimo inaweza kuwa imekaa katika idara ya saikolojia, au kitivo cha elimu chini ya jina la vipimo na tathmini. Ukitafuta kwa jina la idara peke yake utapoteza nusu ya walimu unaowahitaji. Tangu jana natafuta kwa makala: nasoma makala inayonigusa, natazama mwandishi yuko wapi.

7 Julai

Nimeketi na transkripti yangu barazani tangu asubuhi. Kalkulasi ipo. Aljebra ya mstari ipo, B. Nadharia ya uwezekano ipo, A. Saikolojia: hakuna hata somo moja.

Kurasa za programu kadhaa zinasema wazi kwamba zinapokea watu wa hesabu wasio na shahada ya saikolojia, na kwamba kinachowaangusha waombaji wengi ni upungufu wa hesabu. Hilo limenituliza. Lakini sitaki kuingia nikiwa na matriksi kichwani na binadamu hakuna. Nimeanza kitabu cha saikolojia ya jumla, saa moja kila asubuhi katika maktaba ya Ngome kabla jua halijawa kali.

11 Agosti

Data za mradi niliofanyia kazi si zangu, na sitazigusa. Kwa hiyo najifunza kwa watu wa kubuni. Nimeweka R kwenye kompyuta (programu hii ya takwimu iliandikwa Auckland, New Zealand, na ni ya bure, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa kuliko uzuri wake), na natengeneza data mwenyewe nikijua ukweli wake, kisha naangalia kama hesabu itaugundua ukweli huo.

Jaribio la kwanza ni alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi majibu ya maswali ya kipimo kimoja yanavyokwenda pamoja, ile ya mwaka 1951 inayotajwa karibu katika kila ripoti ya hojaji. Maswali tisa yenye uwiano wa wastani wa 0.3 baina yao yanatoa alfa ya 0.79. Nikayafanya kumi na manane, uwiano uleule, alfa ikapanda hadi karibu 0.89. Ni kweli kipimo kirefu hutulia zaidi. Lakini hakuna swali hata moja lililokuwa bora kuliko jana. Nimesoma ripoti ngapi zinazosema "alfa ni zaidi ya 0.8, kwa hiyo kipimo ni kizuri" kisha zikapita? Mimi mwenyewe niliandika sentensi kama hiyo katika mradi wangu wa mwaka wa nne.

25 Agosti

Hili ndilo jaribio nililokuwa nikilitaka.

Nimetengeneza watu 2,000. Elfu moja wanajibu wakiwa katika Ramadhani, elfu moja nje yake. Sonona yao ya kweli nimeigawa sawasawa kabisa, hakuna kundi lenye huzuni kuliko jingine. Kisha nikabadilisha maswali mawili tu kwa kundi la Ramadhani: usingizi nikaupandisha kwa wastani wa 0.6, hamu ya chakula 0.5. Maswali saba mengine sikuyagusa.

Jumla ya wastani ikapanda kwa alama 1.1, kama inavyotarajiwa. Mtu wa 9 anakuwa wa 10. Kundi ambalo halina huzuni zaidi linaonekana kuwa na huzuni zaidi. Kilichonisimamisha ni alfa: katika makundi yote mawili ilikuwa karibu ileile. Anayeangalia alfa peke yake hataona chochote.

Kisha nikatumia lavaan, kifurushi cha R kilichoandikwa na Yves Rosseel, kupima ulinganifu wa kipimo hatua kwa hatua. Kwanza, je, umbo ni moja katika makundi yote mawili? Ndiyo. Pili, je, kila swali linafungamana na sonona kwa nguvu ileile? Ndiyo. Tatu, je, watu wenye sonona sawa wanaanzia mahali pamoja katika kila swali? Hapo modeli ikavunjika, na nilipotafuta ilipovunjikia, ilikuwa usingizi na chakula. Iligundua nilichokificha. William Meredith aliweka msingi wa hatua hizi katika makala yake ya 1993 kwenye Psychometrika. Nimeisoma mara tatu na bado ukurasa wa katikati unanishinda.

Nilitoka nje nikazunguka mpaka ufukweni. Sikuwa na mtu wa kumweleza kwa wakati ule, saa sita ya usiku, ila mabaharia wawili waliokuwa wakilala juu ya mashua zao.

22 Septemba

Mfungo Sita. Mji umejaa wageni wa Maulidi, nyumba yetu ina watu kumi na mmoja, na mimi najisomea mtihani wa GRE, wa kuombea masomo ya juu Marekani, juu ya paa. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa: hauzidi saa mbili, maswali 27 ya lugha, 27 ya hesabu, na insha moja. Alama ni 130 hadi 170 kwa kila upande, insha 0 hadi 6. Ada ni dola 220, ambayo kwa bei ya leo ni zaidi ya shilingi 28,000. Mama ameuza kofia mbili za vito alizozishona kwa miezi. Sikumwomba. Aliziweka pesa juu ya daftari langu akaenda zake jikoni.

Katika vyuo sita nilivyobaki navyo, viwili tu vinautaka mtihani huu kwa lazima. Nauliza kila siku kama unastahili pesa hizo. Jibu langu: chuo nilichosoma hakijulikani na watakaosoma faili langu, na alama ya hesabu ni lugha wanayoielewa bila kuuliza. Aliyesoma chuo kinachojulikana kwao huenda asiuhitaji.

Shida ni mahali pa kuufanyia. Unaweza kuufanya nyumbani, lakini uwe peke yako katika chumba kilichofungwa mlango, bila karatasi; unaruhusiwa ubao mdogo wa kufutika. Nyumba yetu ni ya mawe ya kizamani, misana (vyumba virefu vyembamba) inayofuatana, na kati ya msana na msana hakuna mlango. Mjomba amenipa chumba katika nyumba yake mpya kule Wiyoni.

13 Oktoba

Nimefanya mtihani jana, saa nne usiku, baada ya isha ili adhana isinikute katikati. Msimamizi alinitaka nizungushe kamera chumba kizima, chini ya meza, nyuma ya pazia. Punda wa jirani alilia mara mbili wakati wa sehemu ya hesabu. Stima haikukatika, Alhamdulillahi. Mjomba alikuwa amekaa nje ya mlango na betri ya akiba mapajani mpaka nilipomaliza.

Hesabu 166, lugha 156. Jaribio langu la kwanza mwezi wa Julai hesabu ilikuwa 158. Kilichoniinua hakikuwa hesabu mpya, ni kuzoea maneno ya maswali.

20 Oktoba

Barua pepe kwa maprofesa wanaoweza kunisimamia. Ya kwanza niliyoituma mwezi uliopita ilikuwa na aya saba: maisha yangu, Lamu, shule, heshima nyingi. Haikujibiwa. Nilizoandika wiki hii zina sentensi sita. Mimi ni nani kwa sentensi moja. Makala gani yako nimeisoma na imeniachia swali gani. Nimefanya uigaji gani, yaani majaribio yangu ya watu wa kubuni. Je, unapokea mwanafunzi mpya kwa mwaka wa 2025? Asante.

Wanne kati ya saba wamejibu. Wawili walisema hawapokei mtu mwaka ujao, na kila mmoja wao amenitajia mtu mwingine. Hilo swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Ningeliliuliza mapema ningeokoa ada ya chuo kimoja nilichokuwa nimekiweka cha kwanza kwenye orodha.

10 Novemba

Insha ya kusudio, rasimu ya nne.

Rasimu ya kwanza nilianza na pishi ya bibi. Bibi ana pishi yake ya mbao anayopimia mchele wa zaka ya fitri, vibaba vinne, na kila mwaka anagombana na mwenye duka kwa sababu pishi yake na kilo ya duka hazikubaliani. Niliipenda sana aya hiyo. Nikamtumia mwalimu wangu wa takwimu, aliyestaafu sasa. Akanijibu kwa mistari miwili: "Pishi nimeielewa, binti yangu. Sasa niambie unataka kupima nini, kwa nani, na kwa hesabu gani." Nilikasirika siku nzima. Jioni nikaisoma tena nikaona katika maneno mia nne ya mwanzo sijataja hata modeli moja.

Sasa inaanza hivi, nikiigeuza kwa Kiswahili: "Nilipokuwa nikihoji watu kwa PHQ-9 katika Kaunti ya Lamu wakati wa Ramadhani, niliona kwamba maswali ya usingizi na hamu ya chakula yanaweza kupanda bila sonona kupanda. Katika uigaji wa watu 2,000 nilionyesha kwamba mabadiliko hayo yanapandisha jumla kwa zaidi ya alama moja bila kuathiri alfa. Ninataka kujifunza mbinu za kupima ulinganifu wa vipimo pale ambapo tofauti haiko kati ya watu na watu, bali kati ya mwezi na mwezi kwa watu walewale."

Hiyo sentensi ya mwisho ilinichukua wiki mbili. Makala nyingi nilizosoma zinalinganisha makundi: nchi na nchi, wanaume na wanawake. Mama wa Matondoni hakuwa kundi jingine. Alikuwa ni yeye yule, mwezi tofauti.

Kuna mambo mengine nimeyaandika pembeni ambayo hayaingii katika insha lakini sitaki yapotee. Swali la usingizi linauliza kulala kidogo au kulala kupita kiasi katika pumzi moja, na la chakula vivyo hivyo. Mtu anayejibu 3 hujui amekwenda upande gani. Jibu la "zaidi ya nusu ya siku" linamtaka mtu ahesabu. Na siku yenyewe: kwa bibi siku inaanza magharibi, usiku ni wa kesho yake. Ukimuuliza kuhusu usiku wa Ijumaa atakujibu kuhusu usiku ambao hojaji inauita wa Alhamisi.

Barua za mapendekezo: tatu. Mmoja tayari. Wa pili ni kiongozi wa timu ya utafiti. Wa tatu ni mhadhiri, na wahadhiri wa vyuo vya umma wamegoma. Nampigia simu kila Jumanne, kwa adabu, nikimpa salamu za nyumbani kwanza. Pia mifumo ya vyuo vingine haitaki barua itoke kwenye anwani ya kawaida, inataka anwani ya kazini, na huyo aliyestaafu hana tena. Nimeviandikia vyuo hivyo kuomba ruhusa. Vimekubali.

2 Desemba

Siku ya mwisho ya vyuo vitatu ilikuwa tarehe 1 Desemba, usiku wa manane kwa saa za mashariki ya Marekani, ambayo huku ni saa mbili asubuhi ya tarehe 2. Barua ya tatu iliingia jana baada ya magharibi. Nimetuma vyote sita. Vyuo viwili viliniondolea ada baada ya kuomba. Vinne vimenigharimu dola 370 kwa kadi ya Visa ya M-Pesa.

Nimelala mpaka adhuhuri.

19 Januari 2025

Kimya. Nimerudi kufundisha hesabu kidato cha tatu kwa muda.

6 Februari

Mahojiano ya kwanza, Zoom, saa nane mchana kwao na saa nne usiku kwangu. Niliketi kwa mjomba tena. Maprofesa wawili na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu.

Profesa wa kwanza aliniuliza jambo ambalo nilikuwa nimelitarajia: kama maswali mawili ndiyo yenye tatizo, kwa nini usiyatoe tu? Nikamwambia kwamba usingizi ni dalili ya kweli ya sonona, ukiutoa umepoteza habari, na jumla ya maswali saba haiwezi tena kulinganishwa na mstari wa 10 uliowekwa kwa tisa. Bora uyaachie maswali hayo mawili yawe na mahali pake pa kuanzia katika kila kundi, na saba yaliyobaki yashike kipimo pamoja, mfano wa nanga.

Ndipo wa pili akauliza: "Na utajuaje kwamba hizo nanga saba hazijasogea?"

Sikuwa na jibu. Uchovu nao unaweza kuwa umesogea. Umakini pia. Katika uigaji wangu nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyezitengeneza. Kwa watu halisi hakuna aliyeniambia. Nilisema hivyo hivyo, kwamba sijui, na kwamba sasa naona uigaji wangu ulidhania jambo ambalo ulipaswa kulithibitisha. Akaandika kitu. Tuliendelea.

Nilipotoka nilidhani nimeharibu. Nimekaa na swali hilo mpaka alfajiri, na lilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichosoma mwaka mzima.

23 Februari

Nimerudia uigaji. Safari hii nimesogeza na swali la uchovu, kisha nikaliacha miongoni mwa nanga kana kwamba halina neno. Makadirio yakapinda: nanga moja mbovu ilisambaza kosa lake kwa nyingine, na kundi la Ramadhani likaonekana lina sonona zaidi kidogo wakati halina. Nimeandika kurasa mbili na kumtumia yule profesa wa pili, bila kuomba chochote. Amejibu kwa maneno machache na makala mbili za kusoma.

Habari kutoka Marekani si nzuri. Fedha za utafiti za serikali ya shirikisho zimeyumba na vyuo kadhaa vimepunguza nafasi za uzamivu za mwaka huu. Vyuo viwili vimenikataa katika wiki moja, kimoja kwa barua inayosema waziwazi kwamba nafasi zimepungua.

16 Machi

Ramadhani. Kukataliwa kwa tatu na kwa nne. Kimoja cha Canada kimeniweka katika orodha ya wanaosubiri.

Nilimwambia mama kabla ya kufuturu. Alinyamaza, akanisogezea tende.

Nikiwa nimekaa na bibi baada ya tarawehe nilimwomba kitu. Ninataka kujifunza namna ya kumsikiliza mtu akifikiri kwa sauti anapojibu swali, kwa ajili ya maneno tu, si data. Nikamuuliza swali la usingizi, nikamwomba aseme kila kinachompitia. Akasema: "Wiki mbili? Nahesabu tangu lini? Tangu mwezi kuandama. Hapo usinihesabie, hapo hakuna usingizi wa kuuliza. Andika kila siku. Lakini usiandike nina ugonjwa."

Nimeandika maneno yake yote.

28 Machi

Chuo cha mahojiano kimenipokea. Miaka mitano, ada ya masomo imelipwa, posho kwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza takwimu. Msimamizi ni yule wa swali la nanga.

Nilipomaliza kusoma nilimwita mama, na sauti haikutoka vizuri.

5 Aprili

Idd ilikuwa nzuri. Sasa maswali ya pesa, ambayo ni lazima niyaulize na nimeona watu wakiyaogopa. Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Tisa, ya kiangazi inategemea mradi wa msimamizi, naye ameniandikia kwamba kiangazi cha kwanza kimehakikishwa. Bima ya afya iko ndani. Kuna ada ndogondogo za muhula ambazo msamaha wa ada ya masomo hauzigusi. Hizo nalipa mwenyewe. Yote haya niliyapata kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuwapo kwenye mahojiano, wala hayako kwenye barua ya kupokewa. Kodi ya chumba katika mji ule, ukilinganisha na posho, inawezekana, kwa kubana.

Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana chini ya Council of Graduate Schools kwamba mwanafunzi asilazimishwe kujibu ofa ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili. Sitaki kungoja mpaka dakika hiyo. Kule Canada kuna mtu anangoja nafasi yangu katika orodha kama ninavyongoja mimi.

9 Aprili

Nimekubali. Dakika tano baadaye nimeandika Canada waniondoe katika orodha. Nimewaandikia watatu waliotoa barua, kila mmoja barua yake. Mhadhiri nimempigia, nikampa salamu za nyumbani kwanza. Mwalimu wangu aliyestaafu amejibu: "Hongera binti yangu. Pishi uichukue."

Kinachofuata: fomu ya I-20 kutoka chuoni, ada ya SEVIS (usajili wa wanafunzi wa kigeni Marekani) dola 350, fomu ya DS-160 ya kuomba viza, miadi ya ubalozi wa Marekani Nairobi. Ratiba nimeibandika ukutani kwa mjomba.

15 Aprili

Leo ni siku ya kumi na tano tangu Idd. Wiki mbili zilizopita hazina hata siku moja ya Ramadhani ndani yake. Nilipanda juu kwa bibi baada ya magharibi, nikaketi pale pale, nikamuuliza swali lile lile kwa maneno yale yale.

Alifikiri kwa muda. "Nalala," akasema. "Ila magoti, siku mbili tatu, yaliniamsha."

Nikaandika 1. Kando yake nikaandika: magoti.